Igiza Nikusikie

Pale wanapouza matangi ya maji siku hizi palikuwa na gereji, na mwenye gereji tulimwita Sikio. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko huko likabaki. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kinatazamana na lililokuwa geti lake, kwa hiyo nimemwona yule mtu akifanya kazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii mpaka zilipobaki pembeni tu, na zote nimezikata mimi. Nina haki ya kumsimulia. Atakayesema natia chumvi aje kibandani tubishane, ila akumbuke mwenye wembe ni mimi.

Mafundi wengine wakiletewa gari hukimbilia kufungua boneti. Sikio alikuwa haigusi. Alikaa juu ya gurudumu kuukuu, akamkalisha mwenye gari mbele yake na kumwuliza, "Linaliaje?" Mwenye gari angeanza maelezo: ooh, linatoa kakelele fulani, ooh, nikipanda mlima, ooh, asubuhi ndiyo zaidi. Sikio anamkata kauli. "Sitaki hadithi. Igiza."

Basi mtaa mzima ulikuwa unaacha kazi. Nimemwona hakimu na tai yake shingoni akivimbisha mashavu, "ngrrr-tak, ngrrr-tak". Nimemwona mama mmoja wa heshima zake, mkoba kwapani, akitoa "wiiii" mpaka mbwa wa jirani wakamwitikia. Sisi tulikuwa hatuna mbavu. Sikio hacheki. Anasikiliza mpaka mwisho, anasema, "Tena, taratibu," kisha anatoa hukumu: mkanda umelegea, au beringi ya mbele kushoto imekwisha. Gari likiwashwa, ndivyo.

Miaka ya mwisho alizidisha. Zamani alikuwa anasikiliza huku anatazama juu, kwenye mabati. Sasa alivuta gurudumu lake karibu kabisa na mteja, akavaa miwani, akamtazama mdomoni, na akamrudishia "tena" hata mara nne. Tulisema uzee umemwongezea madaha.

Mkewe alikufa mtoto wao akiwa hajajua hata kukaa. Watu walijitokeza kumchukua yule binti, akakataa. Alimlea palepale gerejini, ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa mablanketi, kando ya meza ya spana. Mtoto akilia, yeye yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, na sauti inatoka huko chini: "Huyo ana njaa." Au: "Huyo usingizi." Au: "Jeuri tu hiyo, mwacheni." Mke wangu, aliyelea watoto wanne, alikuwa akibishana naye, na kila mara anarudi nyumbani amenuna kwa sababu ameshindwa.

Binti akakua, akawa mwalimu, akaolewa mbali, mwendo wa karibu siku nzima kwa gari. Hapo ndipo mambo yakaharibika. Alikuwa akipiga simu, baba hapokei. Au anapokea, anasema, "Sawa mwanangu, kweli kabisa, sawa," anakata, kisha anatuma ujumbe wa maandishi kuuliza hali. Binti akaamini kwamba baba yake amemkasirikia kwa kuolewa mbali na kumwacha peke yake. Akanipigia mimi. "Baba Kinyozi, nimemkosea nini baba?" Nikamkabili Sikio. Akaniambia simu yake mbovu. Akanunua nyingine. Na hiyo nayo akasema mbovu.

Kisha binti akajifungua mtoto wa kike. Sikio aliposikia habari, yaani alipoisoma, alikuja akakaa kwenye kiti changu, akanitazama kupitia kioo kama alivyozoea, akasema, "Jumamosi nakwenda kumsikia mjukuu wangu. Twendeni wote, tulale huko, Jumapili turudi."

"Kumwona," nikamsahihisha.

"Kumsikia."

Niliyahesabu hayo kuwa madaha yake mengine. Tukamchukua na Sindano, fundi cherehani wa jengo la pili, mtu mwembamba asiyezungumza. Ukimsalimia asubuhi anajibu, na hilo jibu linamtosha mpaka jioni. Tangu ujana wetu tulikuwa watatu: mmoja anasikia, mmoja anasema, na mmoja ananyamaza.

Tuliondoka Jumamosi mapema na gari la Sikio mwenyewe, lile refu la zamani tuliloliita Bibi. Mke wangu alitufungia mikate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Mimi nilikaa mbele, Sindano nyuma na zawadi za mtoto mapajani. Sikio alikuwa amevaa shati jipya, amenyoa kwangu jana yake, na alikuwa na furaha ambayo nilikuwa sijaiona kwake siku nyingi. Alituambia, kama vile hatukuwepo, jinsi binti yake alivyokuwa akilia udogoni. Alisema mtoto hurithi kilio kabla hajarithi sura. Alisema akishamsikia huyu mdogo, basi, hana deni na dunia.

Nilipiga soga, ndiyo kazi yangu. Kila nilichosema yeye alijibu, "Kweli kabisa," macho barabarani. Nikasema serikali haijui inachofanya. "Kweli kabisa." Nikasema Sindano ameoa mke wa pili kwa siri. "Kweli kabisa." Nikamwuliza kama tunaweza kusimama nikojoe. "Kweli kabisa," na mguu wake haukuigusa breki. Sindano alicheka mpaka akamwaga chai. Nami nilicheka, japo kibofu kilikuwa kinaniuma, nikijua ananifanyia utani.

Tulipovuka daraja kubwa, mlio ukaanza. Ulitoka nyuma, upande wa kulia, chini ya kiti cha Sindano. Mwanzoni ulikuwa mvumo tu, kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali. Baadaye ukakwaruza. Sindano akanigusa bega.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Vipi sasa?"

"Anayeendesha ni nani?" nikamwuliza. "Lingekuwa jambo la maana, angekuwa ameshasimama."

Sindano akaangalia shingo ya Sikio. Ilikuwa imetulia, amejiegemeza, kidole kimoja kinapiga usukani. Akaridhika, akaegemea tena. Tukaenda hivyo kwa mwendo mrefu, wazee wawili wenye masikio mazima, gari linalia chini yetu, nasi tumetulia kwa kuwa yeye ametulia. Nikathubutu hata kuuigiza ule mlio kwa mzaha, "ngwooo-krrr", nimgeuzie kibao cha wateja wake. "Kweli kabisa," akajibu.

Gurudumu lilikwama kwenye mteremko. Bibi akayumba kushoto, akayumba kulia, moshi ukaingia ndani, nikaona anga, nikaona alizeti, kisha tukawa tumesimama ndani ya shamba la watu, pua ya gari mtaroni. Sindano alikuwa amejikata mdomo. Mimi nilikuwa nimekumbatia mayai. Sikio alishuka kwanza, akatukagua mmoja mmoja, anatushika kichwa na mikono, kisha akaenda nyuma akapiga magoti kwenye lile gurudumu.

Alikaa pale muda. Beringi ilikuwa imesagika ikawa unga mweusi, na chuma kilikuwa cha moto hakishikiki.

"Hii haifi ghafla," alisema. "Inalia kwanza. Inalia sana." Akageuka akatutazama. "Ilianza lini?"

"Tangu darajani," akasema Sindano, akiondoa leso mdomoni.

"Na mkanyamaza?"

Mori ulinipanda. Mtu ametoka kuniponza, halafu ananiuliza mimi. "Sisi tukwambie nini?" nikafoka. "Kinyozi na mshona suruali wakufundishe gari? Si wewe ndiye Sikio?"

Akatoa kitambaa mfukoni akaanza kujifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Sikuusikia," akasema.

"Hukuusikiaje, na ulikuwa unanguruma namna ile?"

"Kinyozi. Sisikii."

Nilisimama palepale kwenye alizeti, na mambo yakanijia yote pamoja bila kuyaita. Simu mbovu. Kioo changu ambacho alikuwa hakiondolei macho nikizungumza. Miwani, na lile gurudumu alilokuwa akilivuta karibu na midomo ya wateja. Hakimu, yule mama, wote waliokuwa wakitoa sauti zao pale tukicheka: alikuwa hawasikilizi. Alikuwa anawasoma. Nilijisikia vibaya sana, na kwa kuwa sijui la kufanya nikijisikia vibaya, nikagombana na mtaro.

Alituhadithia tukiwa tumekaa ukingoni mwa barabara tukisubiri msaada. Alikuwa amekwenda kwa daktari mji wa mbali asikojulikana. Daktari alimwambia ni kelele za injini za maisha yake yote, zimeua mishipa, na haifufuki. Alisema sauti nyembamba ndizo zinazotangulia: ndege, birika, sauti za wanawake na watoto. Nene zinafuata. Akatoa mfukoni kifaa kidogo cha kuvaa sikioni, akatuonyesha, akakirudisha. Alikijaribu. Kilimletea kijiko, gari na mtu vyote kwa mpigo, asijue kipi ni kipi.

"Hili la kulia limebaki na kidogo," alisema akiligusa. "Kidogo sana. Ndiyo maana nikasema kumsikia."

"Na binti yako hajui?" nikamwuliza, sasa nimegeuka kumtazama vizuri, nafungua mdomo kupita kiasi.

"Usinifanyie mdomo hivyo, mimi si mtoto. Hajui. Akijua ataacha kazi, ataacha mume, aje anikalishe kitini. Namjua. Bora adhani nimenuna." Akatuapisha. Nilimwambia ni mpumbavu, kisha nikaapa. Sindano alitikisa kichwa tu, na hata sikujua ni kukubali au kukataa.

Trekta la mwenye shamba lilituvuta mpaka kijimji cha jirani. Fundi wa pale alisema beringi itapatikana kesho. Tukalala gesti, vitanda vitatu chumba kimoja, na Sikio akawa wa kwanza kulala, maana yeye muziki wa baa ya chini haukumhusu. Asubuhi fundi alipomaliza, aliwasha gari akamwita mwenzake wasikilize pamoja, kwa heshima ya kazi. Sikio akainama karibu na gurudumu, akatikisa kichwa kama anasikiliza. Kisha akamnong'oneza Sindano, "Inasemaje?"

"Kimya."

"Kimya kizuri au kibaya?"

Sindano akafikiri. "Kizuri."

Njia yote iliyobaki Sindano aliweka mkono begani kwa Sikio. Walikubaliana: mlio wowote ukitokea, amfinye. Hakuuondoa ule mkono mpaka tulipofika.

Binti alitupokea mlangoni. "Shikamoo baba," akasema ameinamisha kichwa, na baba hakuitika, maana hakuiona salamu. Niliona jinsi uso wa yule binti ulivyojifunga. Akatuamkia na sisi, akatuingiza. Sebule ilikuwa ndogo na safi, nepi zimeanikwa kwenye kamba dirishani, picha ya arusi ukutani, jiko halina ukuta wa kulitenga na sebule. Mumewe alikuwa zamu kazini. Mtoto alikuwa amelala chumbani. Alitumiminia maji ya matunda, kisha akaenda kwenye sinki akatupa mgongo na kuanza kuosha bilauri ambayo ilikuwa safi.

"Baba," akasema akiwa hukohuko, "mimi nimekukosea nini?"

Sikio alikuwa anatazama ile picha ya arusi.

"Mwaka wa pili huu hupokei simu yangu. Nimezaa, hukunipigia. Jana nimekaa na chakula mezani mpaka kikapoa, ni baba Kinyozi aliyenitumia habari, siyo wewe. Kama uliumia nilivyoolewa huku, si ungesema tu baba? Ningekaa."

"Nyumba nzuri," akasema Sikio. "Ina hewa."

Bilauri ikamponyoka. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kiapo kilikuwa kimenifunga, nami nikawa naangalia viatu vyangu. Ndipo Sindano, yule ambaye hasemi, akasema.

"Mwanangu, geuka. Mwambie ukimtazama."

Aligeuka. Alimtazama Sindano, akanitazama mimi, kisha akamtazama baba yake, ambaye alikuwa ameona uso wake sasa na ameanza kutabasamu. Huyu alikulia katikati ya majaribio ya mafundi. Alitoa nepi begani, akajifuta uso, akaiacha imefunika mdomo. Kwa sauti ya kawaida tu, akiwa hatua chache kutoka kwake, akauliza:

"Baba, umenichukia?"

"Kweli kabisa, mwanangu," akasema Sikio, na tabasamu lake lote.

Sijawahi kusikia jibu likiumiza na kuponya kwa wakati mmoja. Yule binti alitoa sauti, sijui niiite nini. Akaja akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika baba yake mashavu kwa mikono yenye povu.

"Tangu lini?"

Sikio alitugeukia, macho yamewaka, tayari kututukana. Halafu hasira ikamwisha njiani. "Siku nyingi," akasema.

"Nilidhani umeninunia."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, mama. Nisamehe."

Chumbani mtoto akaanza kulia. Sote tulielekeza vichwa kule mlangoni, na kwa kutuona tulivyogeuka, yeye naye akajua. Akasimama. "Analia?" akauliza. "Analia sasa hivi? Mleteni. Msimbembeleze, mleteni anavyolia."

Binti alimleta, mwekundu, ngumi zimekunjwa, mdomo wazi. Sikio alimpokea kwa mikono iliyojua bado namna ya kushika kichwa cha mtoto. Akaweka sikio la kulia mdomoni pake, akafumba macho. Mtoto yule alikuwa na mapafu; kilio kilijaa nyumba, kikatoka nje. Sikio alisubiri. Akamhamishia sikio la kushoto. Akamrudisha la kulia, akalikandamiza zaidi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyowahi kukaa. Mwishoni akamwinua, akamtazama, akaweka kiganja kifuani pa mtoto.

"Anatetemeka," alisema. "Mzima kabisa." Akamrudisha kwa mama yake, akaomba maji ya kunywa.

Tulikaa mpaka alasiri. Binti hakuacha kazi wala mume; alisema tu kwamba likizo ya shule anakuja, na kwamba jambo hilo halina mjadala, akilitamka polepole ili baba asipate pa kuponyokea. Sikio alikubali kila kitu. Alipomuaga alimshika mkono muda mrefu, akimwangalia mdomoni, asipitwe na neno.

Tulipotoka mjini kwao, Sikio aliingiza gari pembeni ya barabara, akazima, akachomoa ufunguo. Akageuka kitini akanitazama uso kwa uso. Akavaa miwani.

"Igiza," akasema.

"Niigize nini?"

"Mtoto."

Mimi maisha yangu yote nimeigiza watu. Nimeigiza wanasiasa, walevi, wakwe zangu, na kibanda kizima kikaanguka vicheko. Pale ulimi ulikuwa mzito. Nikamtazama Sindano aniokoe. "Mwenye mdomo ni wewe," akasema.

Nikajaribu. "Ngaa," nikasema. "Ngaa, ngaa."

"Siyo hivyo," akasema Sindano. "Inaanza chini. Inapanda, halafu inakatika, anavuta pumzi, ndipo inamalizia." Na yeye mwenyewe akalia, yule Sindano, akalia kilio cha mtoto mchanga, kizuri kuliko changu. Nikamfuata. Magari yalikuwa yanapita, watu wanatokeza vichwa madirishani kuwatazama wazee wawili wanaolia nga-nga ndani ya gari lililozimwa. Sikio alinyoosha mkono akaweka vidole vyake kooni kwangu, macho kwenye midomo yangu.

"Tena," alisema. "Taratibu."

Nikarudia. Chini, kupanda, kukatika, pumzi, kumalizia.

"Usingizi huo," akasema. "Siyo njaa. Mama yake alikuwa anakata hapohapo." Akasukuma miwani juu. "Tena."

Nilianza vizuri. Nilipofika pale pa kukatika, kilichotoka kilikuwa changu, kizito, cha mtu mzima, na sikuweza kukirudisha. Vidole vyake vilikuwa palepale.

"Hiyo siyo yake," akasema Sikio.

Nikatikisa kichwa kwamba najua. Hakuondoa mkono mpaka nilipomaliza.